Fungu au Kitoweo?

Kijiko cha tope kutoka sakafu ya bahari kuu kinatosha. Mtafiti hulisoma tope hilo jeni kwa jeni, akazihifadhi kwenye kompyuta, na mara nyingi hana haja tena ya kurudi kuchota. Bakteria wenyewe wamebaki kule kule chini, wanazaliana kama jana. Basi nani kaibiwa nini?

Swali hili huwatatiza watetezi wa mgawanyo wa haki kuliko wanavyokiri. Tumezoea kwamba kudhulumiwa ni kupunguziwa: samaki aliyekwishavuliwa na meli ya mwenzio hutamvua wewe. Jeni haipungui. Tena huko mbali, nje ya maili 200 za baharini, maji hayana dola. Mwaka 1967 Arvid Pardo, balozi wa Malta, aliutaka Umoja wa Mataifa uifanye sakafu hiyo urithi wa pamoja wa wanadamu. Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 ukamkubalia, ila kwa madini tu. Viumbe wakaachiwa uhuru wa bahari kuu, ambao ni uhuru wa mwenye meli.

Kwangu mimi, dhuluma haiko katika kuchota. Iko katika kufunga mlango baada ya kuchota. Hataza humpa mwenye nayo haki ya kuwazuia wengine, kwa kawaida miaka 20, wasitumie kimeng'enya au dawa iliyotokana na jeni ile. Kitu kisichopungua kimeadimishwa na sheria. Utafiti uliochapishwa 2018 ulikuta kampuni moja, BASF ya Ujerumani, imesajili asilimia 47 ya mifuatano ya jeni za viumbe wa baharini iliyomo kwenye hataza (si wote wa bahari kuu, lakini hali inaonekana).

Kampuni itasema imetoa jasho na fedha. Kweli, na ilipwe. Lakini pwani kwetu mashua ikirudi, samaki wakishanadiwa, hutoka fungu la chombo, fungu la nyavu, na mafungu ya wavuvi. Aliyesaidia kuivuta mashua mchangani hupewa samaki wawili watatu wa kitoweo. Fungu unalidai. Kitoweo unapewa, na usipopewa huna pa kushitaki.

Mkataba wa bahari kuu, uliopitishwa New York Juni 2023 na kuanza kutumika Januari 2026, haukusema nchi maskini zina fungu au kitoweo. Kifungu cha 7 kinataja urithi wa pamoja na uhuru wa utafiti bega kwa bega, kana kwamba havijawahi kugombana. Kwa sasa nchi tajiri wanachama zinatakiwa kuchangia mfuko maalumu kila mwaka, kwa kiwango cha nusu ya ada yao ya bajeti ya mkataba, ziwe zimevuna jeni au hazijagusa tope. Hicho ni kitoweo, japo cha lazima.

Nami nasema ni fungu. Hataza hailindwi na kampuni. Hulindwa na mahakama za kila nchi iliyoisajili, zikiwazuia raia wake wenyewe. Anayeshikilia mlango ufungwe ni mshirika wa chombo. Mkataba unaruhusu wanachama kupanga baadaye malipo kwa asilimia ya mauzo, na hesabu ya fungu inapaswa kuanzia kwenye mauzo hayo.