Kiapo cha Mara ya Pili
Mwaka 1864, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea nchini Marekani, askari wa Muungano, yaani upande wa Kaskazini, walioapa mwaka 1861 kutumikia kwa miaka 3 walikaribia kumaliza muda wao, na sheria iliwaruhusu kurudi makwao. Ili wabaki, serikali iliwaahidi dola 400, likizo ya siku 30, na kwamba kikosi ambacho robo tatu ya askari wake wangeapa tena kingehifadhi jina lake. Zaidi ya 100,000 walikubali.

Swali la kimaadili hapa ni la ridhaa, yaani kukubali jambo kwa hiari na kwa kulijua: kiapo cha kwanza kilitolewa na vijana ambao wengi wao hawakuwa wameviona vita, ilhali cha pili kilitolewa na watu waliokwisha kuwazika wenzao, na kwa hiyo kina uzito ambao cha kwanza hakikuwa nao. Hata hivyo, sharti la robo tatu lilimweka askari aliyechoka mbele ya macho ya wenzake, na ni vigumu kuiita hiari kamili ile inayopatikana kwa kumwonesha mtu kwamba kukataa kwake kutawavunjia ndugu zake kikosi. Aliyerejea shambani kwake mwaka huo, akiwa ametimiza neno lake kwa miaka 3, hakumsaliti yeyote, hata wale waliokufa kando yake.