Shahidi wa Gunia

Katika mambo yanayoharibiwa na vita, ushahidi huharibika mapema. Watu wakiisha kuogopana, khabari hupokewa bila ya kuulizwa imetoka wapi, na dhana hushika pahala pa yakini. Mfano wake hatuna haja ya kuutafuta ng'ambo. Uko Nairobi, katika mitaa ya mashariki ya mji.

Tarehe 24 Aprili, 1954, katika siku za Hali ya Hatari, majeshi ya Waingereza yaliuzingira mji huo kwa msako ulioitwa Operesheni Anvil. Mitaa ya Waafrika kama Pumwani na Bahati ilipekuliwa. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitengwa na wengine, na wengi wakapitishwa mbele ya mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho. Watu walimwita "gakunia". Yeye hakutoa hoja. Alitikisa kichwa tu, na kwa ishara hiyo mtu aliweza kupelekwa Manyani au Mackinnon Road, kambi zilizokuwa kando ya reli ijayo kwetu Mombasa, asimjue aliyemshitaki. Waliotiwa kizuizini katika msako huo walizidi 20,000.

Huenda msomaji akasema: Serikali ile ilikuwa na khofu ya kweli, kwani usiku wa 26 Machi, 1953, watu wa Lari waliuawa pamoja na wake na watoto wao. Ni kweli, na damu ile hatuihalalishi. Lakini kosa la muuaji huwaje ushahidi juu ya mtu wa kabila lake? Na yule wa gunia, huenda alisema kweli. Huenda alilipiza kisasi, au aliiokoa nafsi yake. Hapana aliyeweza kujua, kwa kuwa shahidi asiyeonekana haulizwi.

Ndiyo maana katika sharia kadhi hatosheki na neno la shahidi. Huuliza kwanza shahidi ni nani na uadilifu wake ukoje, kisha humsikiliza mshitakiwa. Na Sura ya Hujurat imetutahadharisha na khabari ya fasiki isiyochunguzwa, ikatukataza na dhana.

Miaka 60 baadaye, Aprili 2014, mashariki ile ile ilisakwa tena. Baada ya mashambulio yaliyoua watu, polisi waliingia Eastleigh wakakamata maelfu, wengi wao Wasomali, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Safari hii gunia halikuhitajika. Jina na sura vilitosha. Waislamu wengi waliona uchungu, na ilikuwa haki yao. Lakini tujiulize: je, tunauona uchungu uo huo tukimkumbuka Mkikuyu wa Bahati? Anayeichukia dhulma inapomfika ndugu yake tu, hajaichukia dhulma, amejipenda mwenyewe.

Basi yatupasa tuanze na ndimi zetu. Ikitujia khabari ya kabila au dini fulani, barazani au katika simu, tuulize: Aliyeisema ni nani? Ameona au amesikia? Anayesemwa amejibu nini? Tukikosa majibu, tunyamaze. Kwani mwenye kueneza khabari isiyo na mwenyewe, naye amelivaa gunia.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuijua haki na kuifuata. Amin.