Kazi za Nyumbani: Furaha ya Nani?

Mafungu ya somo: Mwa. 2:15, Kut. 16:22, 23, Kut. 20:8–11, 1 Sam. 3:15, Mit. 8:30, 31, Yn. 13:3–5.

Wazo kuu: Mtoto huifurahia kazi anapoifanya pamoja na wampendao. Lakini furaha hiyo ni ya haki pale tu mzigo unapogawanywa kwa haki.

Katika madarasa ya wazazi swali moja hurudi karibu kila robo: "Mwalimu, tufanyeje ili watoto wapende kazi za nyumbani?" Majibu huwa mengi. Wengine huimba na watoto wakati wa kuosha vyombo. Wengine huwashindanisha kuchambua mchele, au huahidi karanga kwa atakayemaliza kwanza kufagia uwanja. Mbinu hizi husaidia. Lakini nyuma yake lipo swali ambalo hatuliulizi: je, ni haki kuigeuza kazi kuwa mchezo, au tunamhadaa mtoto?

Soma Mwanzo 2:15. Adamu alipewa kazi lini, kabla ya dhambi au baada yake?

Ilikuwa kabla. Miiba na jasho vilikuja katika sura ya 3. Kuilima na kuitunza bustani kulikuwa sehemu ya Edeni. Mithali 8:30, 31 huonyesha zaidi: Hekima yuko kando ya Mungu wakati wa uumbaji, naye anafurahi. Basi mzazi anayeleta kicheko jikoni hamdanganyi mtoto. Anairudishia kazi kitu ilichokuwa nacho tangu mwanzo.

Wazee wa Kisukuma walilijua jambo hili. Ngoma ya bugobogobo ilitoka shambani, kwa vikundi vya wakulima waliolima pamoja kwa mdundo, majembe yakipanda na kushuka kwa wakati mmoja. Ngoma haikulifanya jembe kuwa jepesi, lakini kila aliyecheza alikuwa na jembe mkononi. Hapo ndipo nilipokosea mimi.

Miaka mingi iliyopita tuliishi Igogo, mlimani, kati ya majabali, mahali ambapo gari halikufika na maji yalichotwa bombani huko chini. Kila Ijumaa, siku ya maandalio, pipa lilipaswa kujaa kabla jua halijazama. Nikabuni mashindano. Kila mtoto wangu alipewa kindoo chake, nami nilikaa juu ya jiwe nikihesabu safari. Walipanda wakicheka, maji yakimwagika njiani, na majirani walitoka kuwatazama. Nilijisifu moyoni kwamba nimepata njia ya kuwafundisha watoto kazi.

Mpwa wangu wa miaka 13 alikuwa akiishi nasi. Ijumaa moja mwanangu mdogo aliniuliza, "Baba, mbona dada hachezi?" Nikamwona akipanda na ndoo ya lita 20 kichwani, kimya, akiangalia pa kukanyaga. Nikamwita ajiunge na wenzake. Akajibu kwa adabu, "Mjomba, na mimi nikicheza, pipa halitajaa."

Sikuwa na jibu. Watoto wangu walikuwa wakicheza kazi, naye alikuwa akiifanya. Kicheko chao kilisimama juu ya shingo yake.

Soma Kutoka 20:8–11. Ni nani wanaotajwa katika amri hii?

Amri inaanza na "wewe", kisha mwana, binti, mtumwa, mjakazi, mnyama wa kufugwa, hata mgeni aliye malangoni. Mara nyingi tunaisoma orodha hiyo kwa ajili ya pumziko tu. Lakini amri ile ile inataja siku sita za kazi. Mungu anayehesabu wanaopumzika nyumbani mwetu siku ya Sabato anawaona pia wanaochoka siku ya Ijumaa. Familia ikiingia Sabato kwa nyimbo huku msichana mmoja akiwa hoi kwa sababu ya kuwaandalia wengine, tumeilinda saa ya kuanza Sabato lakini hatujamtendea haki mtu huyo.

Ijumaa iliyofuata niliibeba mimi ndoo ya lita 20. Mashindano ya mtu na mtu tuliyaacha. Tukashindana sote pamoja na jua, kila mmoja akibeba kadiri ya nguvu zake. Mpwa wangu alichagua nyimbo. Wanangu wa kiume walianza kuosha vyombo, jambo lililowashangaza baadhi ya jamaa. Wasingeshangaa sana kama wangesoma kitabu cha Ellen White juu ya elimu, kilichotoka mwaka 1903, ambacho kinafundisha kwamba wavulana nao wajifunze kupika, kuosha vyombo na kufua, na kwamba hilo haliwapunguzii uanaume.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hapa Tanzania nayo inautambua wajibu wa mtoto kwa familia yake, na inakataza kumfanyisha kazi za kumdhuru. Mambo hayo mawili huenda pamoja. Samweli alikuwa mtoto alipofungua milango ya nyumba ya Bwana asubuhi (1 Sam. 3:15). Ilikuwa kazi ya kweli yenye maana kwa watu wote, nayo ililingana na mikono yake.

Zawadi nayo ina mpaka. Mtoto anayelipwa kwa kila sahani, siku mama akiugua atauliza, "Nitapata nini?" Tena ziko kazi zisizo na mchezo wowote: kusugua sufuria lenye masizi, kufua mashuka ya mgonjwa. Soma Yohana 13:3–5. Hatuambiwi kwamba kuosha miguu kulimfurahisha mtu yeyote chumbani mle. Tunachoona ni kwamba aliyekuwa Bwana ndiye aliyeshika beseni. Mtoto aliyezoea kumwona baba yake ameinama juu ya beseni atajua la kufanya siku ambayo hakuna wimbo.

Mpwa wangu sasa ana nyumba yake. Nilichelewa sana kumwomba radhi. Alicheka, akasema alishasahau. Mimi sijasahau.

Maswali ya kujadili

1. Ijumaa iliyopita nyumbani kwako, nani alichoka kuliko wote? Je, alikuwa na nguvu za kuifurahia Sabato ilipoingia?

2. Soma Kutoka 16:22, 23. Tungegawanyaje maandalio ili kila mtu, wakiwemo wavulana, mgeni na dada wa kazi, abebe sehemu inayomfaa?

3. Ni kazi gani ya nyumbani ambayo watoto wako hawajawahi kukuona ukiifanya? Kwa nini?