Urithi Usiokaa Sandukuni

Mama mmoja wa mtaa wetu hapa Bukavu aliniletea swali. Marehemu mama yake alimwachia vitambaa alivyotarizi kwa mkono, naye amevifungia sandukuni miaka mingi. Binti yake alimwomba amfundishe sindano, akamkatalia: “Dukani vipo, tena bei rahisi. Wewe soma.” Sasa macho ya mama yameanza kufifia, naye anauliza: je, amemtunzia binti urithi wake, ama amemnyima?

Kabla ya kumjibu, tuwatazame Wakuba wa Kasai, katika nchi yetu hii hii. Kwao wanaume hufuma nguo kwa nyuzi za majani ya rafia, na wanawake huzitarizi. Mama hupitisha uzi chini ya nyuzi za nguo, kisha huukata kwa kisu kidogo, ukabaki umesimama kama manyoya laini. Hapigi fundo, kukazana kwa nguo ndiko kunakoushika. Wala hachori kwanza: mapambo yote yamo kichwani mwake. Kitambaa kimoja chaweza kula miezi.

Na nguo hizo waliziweka wapi? Nyingi walizizika pamoja na wafu wao, ili wazee waliotangulia wamtambue mtu wao. Mgeni atasema, “Hasara gani hii!” Lakini angalieni: kila msiba ulidai nguo, basi ilikuwa sharti mabinti wafundishwe. Nguo zikaoza udongoni, ufundi ukaishi.

Mwaka 1908 Emil Torday alifika Mushenge, mji wa mfalme wao, akikusanya vitu kwa ajili ya makumbusho ya London. Nguo zilizokwenda huko zatunzwa vema, ila hazizai nyingine.

Hata Uzbekistani, mbali katika Asia, akina mama walitarizi kwa hariri vitambaa viitwavyo suzani kwa ajili ya arusi ya binti, naye binti alijifunza kwa kushona pamoja nao.

Basi, mama, sikulaumu kwa kumpeleka binti shuleni. Kalamu na sindano hazigombani. Lakini ulimfungia mlango uliokuwa wazi kwako. Ukimpa kitambaa, umempa mali, nayo huchakaa. Ukimpa ujuzi, umempa mkono wa bibi yake. Fungua sanduku leo, mketi wawili karibu na dirisha, ungali waona tundu la sindano. Macho yakifumba, hakuna duka liuzalo kitu hicho.