Sufuria ni ya Nani?

Kuna mapenzi yanayokuja na masharti, na siku hizi huku kwetu Kangundo yanakuja na orodha ya vyakula. Binamu anatoka Nairobi Ijumaa jioni, amesomasoma kwenye simu, na kufikia Jumamosi mchana Susu, nyanya yetu, ameshapigwa marufuku: ugali hapana, chapati hapana, muthokoi ndio kabisa.

Tuseme ukweli: kuhusu wanga, binamu hajakosea. Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili insulini haifanyi kazi vizuri, na wanga ukishageuka sukari unabaki kuzunguka kwenye damu. Mwaka 2019 Shirika la Kisukari la Marekani liliandika kwamba kupunguza wanga ndiko kwenye ushahidi mwingi zaidi wa kushusha sukari hiyo. Na muthokoi ni mahindi yaliyotwangwa hadi maganda yakatoka. Nyuzinyuzi nyingi wamekula kuku.

Swali langu ni lingine. Nani ana haki ya kupanga sahani ya mtu mzima?

Mahindi Susu anayalima mwenyewe. Mbaazi na kunde pia. Mvua ikinyesha vizuri, haombi mtu. Sasa mwambie aishi kwa nyama na samaki. Mayai sawa, kuku anao, na parachichi ziko. Lakini nyama ni ya bucha, bucha inataka pesa, na pesa inatoka kwa simu ya binamu. Yaani kwa jina la afya tumemhamisha kutoka shambani kwake hadi mfukoni mwetu. M-Pesa ikichelewa akarudi kwa ugali, tunamwita mkaidi. “Mnanipikia kama mgonjwa,” aliniambia, “na hii boma ni yangu.”

Kuna watu watasema basi, mwacheni ale anachotaka, ni maisha yake. Hapo pia sikubali haraka. Kisukari kisichodhibitiwa huharibu macho, figo, mishipa ya miguu, na siku Susu akishindwa kutembea ni binamu huyohuyo atakayembeba. Anayebebeshwa mzigo ana haki ya kusema kitu. Kusema, lakini si kuamuru, na kabla ya kusema angeuliza Susu anameza dawa gani. Hakuuliza. Mtu anayetumia insulini au glibenklamaidi akiacha wanga ghafla, dozi ikabaki ileile, sukari inaweza kushuka mpaka azirai. Daktari anafaa kujua kabla sufuria haijabadilika.

Halafu kuna hii ya kumpakulia peke yake. Sahani ya mboga pembeni, sisi wengine tukishushia chapati na chai ya sukari. Manze, hiyo ni kumfukuza mezani bila kumwambia atoke. Kama tunaamini kweli wanga unamuumiza, tukiwa kwake tule anachokula. Kama hatuwezi wikendi moja tu, tupunguze kumhubiria kuhusu nidhamu.

Mimi ningeanzia kwa vitu alivyo navyo. Kunde ijaze nusu ya sahani, ugali uwe kama ngumi, na kwenye sufuria mbaazi zizidi mahindi. Mbaazi zina wanga pia, ndiyo, ila zinakuja na protini na nyuzinyuzi, na sukari haipandi kwa kasi ile. Kama hicho chakula bado kitaitwa muthokoi, hilo tumwachie mwenyewe.