Mstari Una Kwao

Katika riwaya ya Tolkien, The Lord of the Rings, Barliman Butterbur ana nyumba ya wageni mjini Bree, ana wateja wengi kuliko wafanyakazi, na kichwa chake hakishiki mambo. Mchawi Gandalf alimwachia barua ya kupelekwa kwa rafiki yake Frodo huko Shire, barua ya kumhimiza afunge safari kabla Julai haijaisha. Butterbur akakosa mtu wa kumtuma, akasema kesho, kesho ikazaa kesho, barua ikasahaulika. Frodo hakuondoka kwao mpaka tarehe 23 Septemba, na kufikia hapo wapanda farasi weusi walikuwa wamekwisha kuingia Shire kumtafuta. Barua anaipokea Bree kwenyewe, usiku, baada ya kuponea chupuchupu njiani. Chini ya saini mna shairi la mistari minane.

Mstari wa pili wa shairi hilo leo umechapishwa kwenye fulana, vikombe, mikoba, hata kwenye ngozi za watu. Ni ule unaosema kwamba si wote wanaotangatanga wamepotea. Wengi wanaouvaa wanakusudia kusifu utalii: ndege, begi la mgongoni, picha ya machweo ufukweni. Kwenye barua ya Gandalf haukuwa na kazi hiyo hata kidogo. Ulikuwa kitambulisho. Kule pembeni ukumbini ameketi mtu mrefu, buti zimeganda matope, kofia ya joho imefunika uso; wenyeji wanamwita Strider na hawamwamini. Frodo anataka kujua kama huyu ndiye rafiki aliyetajwa na Gandalf au ni mpelelezi wa adui. Shairi linamwonya asimpime mtu kwa vumbi la njiani. Mgeni anajitaja jina lake, Aragorn, anachomoa upanga wake, na upanga umevunjika, kama shairi lilivyosema.

Baadaye, kwenye baraza la Elrond kule Rivendell, Boromir anamtazama Aragorn kwa shaka, na mzee Bilbo anashindwa kuvumilia. Anasimama ghafla, analighani shairi lile lile mbele ya wakubwa wote, kisha anamnong'oneza Frodo kwamba yeye ndiye aliyelitunga, zamani, kwa ajili ya rafiki yake huyo. Kwa hiyo shairi hili lilikwisha kugawanywa ndani ya kitabu kabla msomaji yeyote hajaligawa. Lilitungwa kwa upendo, likaazimwa na rafiki wa pili kuwa alama ya siri, likarudi kwa mtunzi kuwa ngao ya heshima ya mtu. Mara zote hizo lilikuwa mikononi mwa watu waliomjua aliyetungiwa.

Mpenzi wa The Lord of the Rings anayekirudia kitabu hicho kila baada ya miaka michache, kisha akampelekea mwenzake mstari mmoja uliomgusa, anampa nini hasa? Habari hampi, maana mwenzake naye amesoma na huenda mstari anaujua kwa moyo. Na yeye mwenyewe anarudi kutafuta nini kwenye kisa ambacho mwisho wake anaujua? Naona maswali haya mawili yana jibu moja. Kurudia ndiko kunakoupa mstari uzito. Na watu wanapogawana mstari, wanapimiana uzito huo.

Tuchukue sura ya pili ya kitabu. Ni asubuhi ya Aprili, kifungua kinywa kimechelewa kuliwa, moto unawaka ingawa hakuna baridi, dirisha liko wazi na nje yake Sam, mtunza bustani, anakata nyasi. Gandalf amemweleza Frodo pete aliyorithi kwa Bilbo ni kitu gani: ni pete ya adui, na lazima iharibiwe. Frodo kwa hofu anasema ilikuwa hasara kwamba Bilbo hakumwua Gollum, kiumbe aliyekuwa na pete hiyo kabla yake, alipopata nafasi. Gandalf anamjibu kwamba huruma ndiyo iliyomzuia Bilbo, na kwamba huenda huruma hiyo ikaja kuamua hatima ya wengi. Anayesoma mara ya kwanza huyapokea maneno haya kama wosia wa mzee yeyote mwenye busara: anatikisa kichwa, anageuza ukurasa.

Anayerudia anajua kitakachotokea kwenye Mlima wa Maangamizi. Anajua kwamba Frodo, baada ya njaa, majeraha na maili zisizohesabika, atasimama juu ya moto wa mlima huo, ambamo pete inapaswa kuangamizwa, na atakataa kuitupa. Shujaa atashindwa. Anajua Sam, dakika chache kabla, alikuwa na upanga mkononi na Gollum miguuni pake, akashindwa kumchoma. Anajua kidole kitang'atwa, na kwamba dunia itaokolewa na kiumbe ambaye watu watatu, kwa nyakati tofauti, walikuwa na kila sababu ya kumwua na hawakumwua. Maneno ya Gandalf sasa hayasomeki tena kama wosia. Ni nguzo, na nyumba nzima imelala juu yake.

Je, sentensi imebadilika? Platoni, katika Phaidro, anamfanya Sokrate alalamike kwamba maandishi ni kama picha: unayauliza jambo, nayo yanarudia jambo lile lile milele. Sokrate alikuwa na haki ya kulalamika, lakini hesabu yake ilimwacha nje muulizaji. Maandishi hayaongezi neno, ila swali la mtu wa miaka 17 si swali la mtu wa miaka 45, na jibu lile lile kwa maswali mawili tofauti ni majibu mawili.

Tena katika kisa hiki wino wenyewe ulibadilika. Kitabu cha The Hobbit, kinachosimulia jinsi Bilbo alivyoipata pete, kilipotoka mwaka 1937, Gollum hakuwa na ubaya mkubwa. Alikubali kushindwa kwenye mchezo wa vitendawili, akaitafuta pete ili ampe Bilbo zawadi, alipoikosa akaomba radhi na kumwonyesha njia ya kutokea. Huruma gizani haikuwepo kwa sababu haikuhitajika. Tolkien alipokuwa akiandika mwendelezo aliona pete imekua na kuwa jambo zito mno, haiwezekani mtu aitoe zawadi. Akairudia sura ile na kuiandika upya, na toleo la 1951 likaja na Gollum mwenye kiu ya damu, na Bilbo asiyeonekana, upanga mkononi, akimruka adui yake badala ya kumchoma. Lile toleo la zamani akalipa maelezo ndani ya hadithi yenyewe: kwamba Bilbo mara ya kwanza alikuwa amedanganya. Huruma iliyobeba vitabu vitatu vya 1954 na 1955 ilizaliwa na mwandishi aliyejisoma tena. Sijui riwaya nyingine inayoiheshimu kazi ya kurudia kiasi hiki.

C. S. Lewis, rafiki wa Tolkien, aliandika mwaka 1961 kwamba msomaji asiye msomaji hutambulika kwa jambo moja: akiambiwa asome kitabu alichokwisha kukisoma, huona ameambiwa jambo la kipuuzi. Kipimo kikali, lakini mimi nakikubali. Marehemu Christopher Lee, aliyeigiza mchawi Saruman kwenye sinema za kisa hiki, alisema hukisoma kitabu cha Tolkien kila mwaka, na hakuna aliyemdhania amesahau nani anashinda. Na kwa wale wanaobeza kwamba watu wazima hawapaswi kushinda na hadithi za majini na mapete, niwakumbushe tu kwamba mwaka 1951 Shaaban Robert alitupeleka Kusadikika, nchi iliyoko angani, tukamsikiliza Karama kizimbani, na hakuna mwalimu aliyetuambia tunapoteza wakati.

Kugawana nako hakukuanza na mashabiki. Kabla hakijafika kiwandani, kitabu cha Tolkien kilisikika kwa masikio. Alhamisi usiku, chumbani kwa Lewis katika chuo cha Magdalen, Oxford, marafiki waliojiita Inklings walikutana, na Tolkien akawasomea sura moja moja. Mwaka 1944 alimtumia mwanawe Christopher sura zilizokamilika huko Afrika Kusini, alikokuwa akifunzwa urubani. Si wote waliofurahi. Hugo Dyson hakukipenda kisa hicho, na ilifika mahali akiwepo hakisomwi. Nampenda Dyson kwa hilo, kwa kuwa anatukumbusha kwamba kugawana si haki ya mgawaji. Kunahitaji mpokeaji, na mpokeaji anaweza kukataa.

Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa sana hapa, maana analijua jina la kanga. Maneno ya kanga yamechapishwa kwa maelfu, kila duka la mtaa linayo, wala hayana siri. Lakini kanga ile ile akipewa mama mkwe ni shukrani, na akiivaa jirani akapita mbele ya mlango wa jirani mwenziwe ni kisa cha wiki nzima. Maana haiko kwenye kitambaa peke yake. Iko katikati ya anayetoa, anayepokea, na yale wanayoyajua wote wawili.

Ndivyo mstari wa kitabu ulivyo kati ya wapenzi wake. Rafiki yangu mmoja, tuliyesoma naye vitabu hivi tukiazimana nakala moja iliyochakaa jalada, alikuja kunipa pole nilipofiwa. Watu walikuwa wengi, maneno ya rambirambi yote yalikwisha kusemwa. Akakaa kwenye mkeka pembeni yangu, akataja jina la sura ya mwisho tu, The Grey Havens, akanyamaza. Hakughani hata sentensi moja. Nilijua anamaanisha merikebu inayong'oa nanga, na watatu wanaobaki ufukweni kisha wanapanda farasi kurudi nyumbani bila kusema neno. Nilijua pia anamaanisha Sam, anayefika kwake, taa inawaka, chakula kiko mezani, mtoto anapakatwa. Asiyesoma angesikia maneno matatu ya Kiingereza.

Sinema za Peter Jackson, zilizotoka 2001 hadi 2003, zimeleta wapenzi wengi kuliko mwalimu yeyote, na siwezi kuzibeza. Ila zilihamisha mistari. Mazungumzo yale ya asubuhi ya Aprili, pamoja na maneno ya Gandalf kuhusu nyakati ambazo mtu hakuzichagua, yalipelekwa katika giza la mapango ya Moria. Yanagusa sana pale, lakini kazi yake imegeuka. Kwa Frodo aliyeketi nyumbani, mlango wazi, maneno hayo ni wito: bado anaweza kukataa. Kwa Frodo aliyekwama chini ya mlima ni faraja tu, maana hana pa kurudi. Na ile picha ya pwani nyeupe na nchi ya kijani, ambayo kwenye sinema Gandalf anampa Pippin kama habari ya kifo, kwenye kitabu ni ndoto ya Frodo nyumbani kwa Tom Bombadil, kisha ni kitu anachokiona kwa macho mwishoni, akiwa safarini, hai. Wanaoituma kwenye misiba wanatuma maneno ya waandishi wa sinema. Faraja ni faraja, sitawanyang'anya, lakini kitabu kilisema jambo jingine.

Hapa mtu atauliza: mwenye mamlaka juu ya mstari ni nani? Tolkien mwenyewe alilijibu nusu. Katika dibaji ya toleo la pili, miaka ya 1960, alikana kwamba kisa chake ni fumbo la Vita vya Pili vya Dunia. Alisema hapendi mafumbo ya aina hiyo kwa kuwa humfunga msomaji kwenye nia ya mwandishi. Yeye alitaka msomaji awe huru kukioanisha kisa na maisha yake. Hakuwa mtu aliyeishi mbali na vita: hapo hapo alikumbusha kwamba kufikia 1918 marafiki zake wa karibu wote walikuwa wamekufa, isipokuwa mmoja. Alikuwa na kila haki ya kutuambia kisa kinahusu nini, akaiacha.

Lakini uhuru wa kuoanisha si ruhusa ya kunyofoa. Kipimo changu ni hiki: mstari uliouchukua, unaweza kuurudisha mahali pake ukakaa? Aliyeutuma ule mstari wa wanaotangatanga kwa ndugu anayedharauliwa kazini kwa sababu ya viatu vyake, huyo anaweza. Yuko ukumbini Bree pamoja na Strider. Aliyeuandika chini ya tangazo la hoteli hawezi.

Chama cha Tolkien cha Uingereza, tangu 2003, kimeifanya tarehe 25 Machi kuwa siku ya kumsoma mwandishi huyu, kwa kuwa katika kisa hiyo ndiyo siku pete ilipoingia motoni. Kama una mwenzako mnayekipenda kitabu hiki pamoja, siku hiyo chukueni sura ya pili mkaisome kwa sauti, kwa zamu, bila kuruka. Msianzie kwenye maneno ya Gandalf mnayoyajua. Anzieni mwanzo wa sura, na mkishayafikia, endeleeni mpaka Sam anapovutwa sikio kuingizwa ndani kupitia dirishani.