Chembe Inayobaki



Mnaopanga biti za kwaya kwenye laptopu mtanielewa haraka; wengine vumilieni kidogo, hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. FL Studio, kama hujagusa mipangilio yake, hugawa kila pigo kuu katika chembe 96. Ukiweka nota mbili ndani ya pigo, kila moja inapata 48. Tatu, 32. Nne, 24. Safi kabisa. Sasa weka saba. Kila moja inapata 13, na chembe 5 zinabaki hazina mwenyewe. Panda hadi 960: saba mara 137 ni 959. Bado moja inabaki!

Mzee anayepiga ngoma kigangoni kwetu, huku Ufipa, hupiga nota saba ndani ya pigo moja kabla kwaya haijaingia kiitikio. Dominika nyingine anapiga tano. Tuliporekodi wimbo wa matoleo, mwenzangu mmoja akasema, "Nyoosha tu, nani atasikia?" Ni kubonyeza mara moja. Pigo likigawanywa kwa mistari minane, zile saba zinavutwa kila moja kwenye mstari wa jirani, na mstari wa tano unabaki mtupu. Unasikia nota nane, moja imetoroka. Mzee hayumo tena.

Nikazima sumaku ya programu, nikaziweka kwa mkono: 0, 14, 27, 41, 55, 69, 82. Maana yake nota tano zinapata chembe 14 na mbili zinapata 13, jumla 96. Ilinichukua jioni nzima, na baridi ya Sumbawanga mwezi wa Julai mnaijua.

Kilichonishikilia ni Yohane 6:12. Watu elfu tano wameshiba, halafu Yesu anawaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki, kisipotee chochote. Jamani, watu walikuwa wameshashiba! Hakuna aliyekuwa akivililia vile vipande. Bwana hakuuliza nani anavihitaji, na vikajaa vikapu kumi na viwili.

Wapo wanaotumia Hekima 11:20 kutetea kitufe cha kunyoosha, eti Mungu amepanga vyote kwa kipimo, hesabu na uzani. Ni kweli amepanga. Ila na mkono wa mzee una kipimo chake, umekitunza miaka mingi kuliko umri wangu. Gridi yetu ndiyo finyu. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, katika hati yake juu ya Liturujia namba 119, ulitaka muziki wa asili wa watu katika nchi za misioni upewe heshima na nafasi inayostahili. Hapo umo na mkono huu wa kigangoni, usioandikwa kwenye karatasi yoyote ya nota.

Ninachohofia ni hiki. Vijana wetu wa VIWAWA wanajifunza ngoma kwa kusikiliza rekodi kwenye simu. Rekodi ikinyooshwa, watajifunza iliyonyooshwa, na siku mzee akiitwa na Bwana hatakuwepo wa kuwasahihisha. Mtoto akiuliza babu alipigaje, tutamwonyesha ule mstari mtupu?

Basi kabla ya kugusa laptopu, nenda kwa mzee wako na simu, mrekodi akipiga peke yake, polepole na kwa kasi. Mwombe akushike mkono. Akicheka, cheka naye, kisha rudia.

Wimbo wetu tunautoa tarehe 22 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Sesilia. Wapo walioomba biti ichezwe kwenye spika wakati wa Misa. Hapana. Maelekezo ya Roma ya mwaka 1958 yalikataza mashine za kujipiga zenyewe katika ibada, nami naona sababu: mashine haisali. Siku hiyo laptopu itabaki nyumbani. Mzee atapiga mwenyewe, nami nitakuwa nyuma yake na ngoma ndogo, nikihesabu hadi saba.